Malale katika Mwambao wa Tanganyika

Yako maradhi yajifichayo ubongoni na kujivika sura ya maradhi mengine, na malale ni miongoni mwao. Kijidudu chake, kiletwacho na mbung'o, kwanza hukaa katika damu, kisha huingia ubongoni. Hapo mtu huumwa kichwa, hugeuka tabia, husinzia mchana na kukesha usiku. Asiyepima maji ya uti wa mgongo aweza kumdhania ana wazimu, au amepagawa na pepo, au ana uvimbe wa ubongo. Mwaka 1903 Castellani alitangaza kuwa amekiona kijidudu hicho katika maji hayo kwa wagonjwa wa Entebbe.

Mwaka 1906 Robert Koch alifika visiwa vya Sese, akawatibu wagonjwa kwa atoksili, dawa yenye sumu ya zarniki. Baadhi yao walipofuka. Hata hivyo Wajerumani waliitumia dawa hiyo pia katika mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, walikofungua kambi za wagonjwa na kufyeka vichaka vya ufukweni, makao ya mbung'o.

Baadaye ilidhihirika kwamba malale ni ya namna mbili. Moja hufuata kingo za maji, nayo huua polepole. Ya pili hukaa katika miombo ya bara, hutoka kwa wanyama, nayo huua upesi. Katika miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wengi wa Buha, ikawakusanya katika makazi makubwa ili kuwatenga na mbung'o.

Mwaka 1971 John Ford alieleza upande wa pili wa jambo hilo. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe, vita na njaa vikapunguza watu. Mashamba yakageuka pori, na mbung'o akaingia. Basi pori lililodhaniwa kuwa la asili lilikuwa, kwa sehemu, kovu la maafa, na kila kijiji kilichohamwa kiliongeza pori jingine.

Malale hayakwisha: hata baada ya 1990 wagonjwa walionekana Kasulu na Kibondo. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza feksinidazoli, dawa ya kumeza, kwa malale ya namna ya pili. Lakini dawa haimfai mgonjwa ambaye maradhi yake hayakutambuliwa. Tabibu auonaye ubongo bila kuuliza mgonjwa ametoka pori gani hukosea kama walivyokosea watawala walioliona pori bila kuuliza nani alilima pale zamani.