Kicheko cha Momella

Ukitoka Arusha mjini kwa barabara ya Moshi, ukishapita Usa River unakata kushoto na kuanza kupanda kuelekea mlima Meru. Ukilivuka geti la Ngongongare unatokea uwanda wanaouita Serengeti Ndogo, wenye nyati, ngiri, pundamilia, na twiga wanaokutazama kana kwamba wewe ndiye uliyeletwa kuonyeshwa. Mbele zaidi kuna maziwa ya Momella, maji ya magadi, kila ziwa na rangi yake. Nilikwenda huko kufuata njia ya mzungu mmoja niliyemjua sinemani tu, akiwa nyuma ya usukani, nywele za dhahabu zikipepea, anacheka.

Katika filamu ya Hatari! anaitwa Kurt Müller. Jina lake halisi ni Hardy Krüger, Mjerumani. Filamu ilipigwa mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961, Tanganyika ikiwa bado chini ya Mwingereza; ilipotoka mwaka 1962, bendera ilikuwa imekwisha badilishwa. Mwongozaji, Howard Hawks, alisimulia habari za kundi linalokamata wanyama hai wa kupelekwa kwenye bustani za wanyama ng'ambo. Ndivyo neno letu lilivyobandikwa kwenye mabango ya miji ambayo wenyeji wake hawakujua Kiswahili hata cha kuombea maji.

Itazame tena wanapomkimbiza faru. Mbele ya lori pamefungwa kiti, John Wayne amekikalia, mkononi ameshika mti mrefu wenye kitanzi cha kamba. Faru anageuka na kulipiga gari ubavuni. Hawks alitaka waigizaji waifanye kazi hiyo wenyewe, kwa hiyo jasho lile ni jasho kweli. Nyuma ya lori wapo vijana wa Kiafrika, wepesi, wanaruka chini na kamba kabla vumbi halijatulia. Kamera inawaona, lakini hadithi haiwaulizi majina.

Kazi ilipokwisha, wenzake walifunga mizigo wakarudi kwao. Krüger alikuwa amekwisha nunua shamba papo hapo Momella. Mtu aliyekwisha kuwa nyota Ulaya anatafuta nini chini ya Meru? Jibu liko nyuma, Berlin.

Alizaliwa huko Aprili 1928. Akiwa na miaka 13 alipelekwa Sonthofen, katika moja ya shule zilizobeba jina la Adolf Hitler, zilizowafinyanga watoto wawe watawala wa kesho. Kwa kuwa alikuwa na sura ya kupendeza, alichukuliwa kuigiza katika Junge Adler, filamu ya propaganda iliyotoka 1944. Katika kazi hiyohiyo alikutana na mwigizaji mkubwa, Hans Söhnker, aliyemketisha na kumfumbua macho kuhusu kambi za mauaji na Wayahudi waliokuwa wakiangamizwa. Mtoto aliyefundishwa kuabudu akaanza kuuliza.

Mwaka 1945, vita ikikaribia kwisha, alitiwa kwenye kikosi cha SS akiwa hajatimiza miaka 17. Akaamriwa kuwafyatulia risasi askari wa Kimarekani. Akakataa. Alihukumiwa kifo, na kosa lililotajwa ni woga. Afisa mmoja akaizuia hukumu hiyo, kisha kijana akatoroka na kujificha milimani Tyrol hadi mizinga iliponyamaza.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Sijapata kuuona msemo huo ukivaa nyama na damu kama katika maisha ya mtu huyu.

Kilichomsumbua ni kwamba sinema haikumruhusu aivue sare aliyoikimbia. Mwaka 1957 Waingereza walimpa nafasi ya rubani wa Kijerumani anayetoroka utekani, katika The One That Got Away, na watazamaji waliopigwa mabomu na Wajerumani wakajikuta wanamwombea adui afike salama. Miaka 20 baadaye, katika A Bridge Too Far, alicheza jenerali wa SS. Inasimuliwa kwamba kamera zikizimwa tu, alitupia koti juu ya sare ile ili asiione mwilini mwake. Nafasi iliyomkaa hasa naiona katika Les Dimanches de Ville d'Avray, filamu ya Kifaransa iliyotwaa Oscar: rubani wa zamani anayeamini kwamba aliua mtoto vitani, asiyeweza kulala na hilo.

Basi Momella palikuwa mahali asipodaiwa sare. Aliishi huko miaka 13, akilima na kupokea wageni, akiruka Ulaya na Marekani kuigiza kisha anarudi, na mwaka 1970 akatoa kitabu kuhusu shamba hilo. Lakini nchi nayo ilikuwa na hesabu zake. Azimio la Arusha la 1967 liliuliza ardhi kubwa ni ya nani na inamlisha nani, swali ambalo mlowezi, hata awe mwema vipi, hakuweza kulikwepa. Mwaka 1973 akaondoka.

Uzeeni alizunguka shule za Ujerumani akiwaambia wanafunzi alichotendewa alipokuwa na umri wao. Alifariki California, Januari 2022, akiwa na miaka 93.

Nilisimama ukingoni mwa ziwa hadi Kilimanjaro ilipojitokeza kidogo mawinguni. Faru wa kukimbizwa hukuti tena hapa, majangili waliwamaliza. Nikamkumbuka Kurt kwenye usukani, ameachama kinywa, anacheka mbele ya kamera. Nilipokuwa mdogo nilidhani anafurahia kumfukuza mnyama. Siku hizi nikikiona kicheko kile, naona kijana wa miaka 16 aliyeishusha bunduki, akaambiwa mwoga, akapona.