Sababu za Vita Vikuu vya 1914 Zikitazamwa Kutoka Buhemba

Vilima vya Buhemba viko bara ya Musoma, katika nchi ya Wazanaki, upande wa mashariki wa Ziwa Victoria. Wengi walisikiapo jina la Buhemba hukumbuka dhahabu iliyochimbwa huko katika zama za Waingereza. Kwa sababu hiyo ni rahisi mtu kudhani kwamba mali ya namna hiyo ndiyo iliyowagombanisha Wadachi, yaani Wajerumani, na Waingereza, hata wakapigana katika nchi hii tangu mwaka wa 1914. Makusudi ya makala hii ni kuonyesha kwamba sivyo. Vita vile havikuzaliwa hapa, bali vililetwa. Hivyo yatupasa kujibu maswali mawili mbalimbali: kwanza, kwa nini vita vilizuka Ulaya, na pili, kwa nini havikukomea huko.

Na tuanze na mpaka. Katika mwaka wa 1886 serikali za Uingereza na Ujerumani zilipatana kugawanya nchi za Afrika ya Mashariki kwa mstari uliotoka mdomo wa mto Umba, ukauzunguka Kilimanjaro kwa kaskazini, ukafika pwani ya mashariki ya Ziwa penye digrii ya kwanza kusini ya ikweta. Mapatano ya tarehe 1 Julai, 1890, yaliuendeleza mstari huo ng'ambo ya Ziwa upande wa magharibi. Ndiyo mapatano ambayo kwayo Wadachi walipata kisiwa cha Heligoland, nao Waingereza wakapata himaya ya Unguja. Wakuria walikatwa sehemu mbili, na Waluo vivyo hivyo. Buhemba, kwa kuwa iko kusini ya mstari, ilihesabiwa kuwa ya Wadachi kabla ya mtawala yeyote wa Kidachi kuketi huko. Lakini jambo la kuangaliwa ni hili: mgawanyo ule, pamoja na udhalimu wake kwa wenyeji, uliwapatanisha wagawanyaji, haukuwapiganisha.

Tena, katika miaka iliyofuata majirani hao wawili walifanya biashara pamoja. Reli ya Waingereza kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwishoni mwa mwaka wa 1901, bidhaa nyingi za Mwanza zilichukuliwa na meli za Waingereza hata Kisumu, zikashushwa kwa reli hiyo hadi pwani. Wadachi nao walifikisha reli yao Kigoma mwanzoni mwa mwaka wa 1914, na Dar es Salaam ilikuwa ikitayarisha maonyesho makubwa ya kuifurahia, ambayo yangalifanywa katika Agosti mwaka ule ule. Jeshi la Wadachi katika koloni hili zima lilikuwa na askari Waafrika wapatao 2,500 tu, na lile la Waingereza, yaani King's African Rifles, halikulizidi. Majeshi hayo yalikuwa ya kuwatiisha wenyeji, kama ilivyoonekana katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Hayakuundwa kwa kupigana na dola nyingine. Anayekusudia kumpiga jirani yake hawaaliki wageni kwenye maonyesho.

Basi sababu zatafutwa wapi? Hapana budi turudi Ulaya. Ujerumani ilipokwisha kuungana kuwa dola moja katika mwaka wa 1871, baada ya kuishinda Ufaransa na kuinyang'anya majimbo ya Alsace na Lorraine, iliishi kwa hofu ya kisasi. Ilifanya mapatano ya kusaidiana na Austria-Hungary katika mwaka wa 1879, na Italia ikaingia katika mwaka wa 1882. Ufaransa nayo ilipatana na Urusi katika mwaka wa 1894, ikasuluhishana na Uingereza katika mwaka wa 1904. Kisha Uingereza na Urusi zikamaliza magomvi yao ya Asia katika mwaka wa 1907. Hivyo Ulaya iligawanyika pande mbili. Kila upande ulisema kwamba ulikuwa ukijilinda, na kila tendo la kujilinda lilionekana kwa upande wa pili kuwa ni tendo la kushambulia.

Juu ya hayo Wadachi, kwa sheria zao za 1898 na 1900, walianza kujenga manowari nyingi. Uingereza ni kisiwa kilacho kwa njia ya bahari. Kwa hiyo Waingereza waliona hatari wasiyoweza kuivumilia, nao katika mwaka wa 1906 wakashusha baharini manowari iitwayo Dreadnought, iliyozishinda nguvu zote zilizotangulia. Mashindano yakaendelea kwa gharama kubwa na imani ikapungua.

Kuna wasemao kwamba vita vilikuwa vya kugombea makoloni. Neno hili lina ukweli ndani yake, maana magomvi juu ya Moroko katika mwaka wa 1905 na 1911 yaliwafanya Waingereza na Wafaransa washikamane zaidi dhidi ya Wadachi. Lakini magomvi hayo yalisuluhishwa. Na katika mwaka wa 1913 Waingereza na Wadachi walikuwa wakizungumza kwa siri jinsi ya kugawana makoloni ya Wareno kama Ureno ikishindwa kuyashika. Makoloni yaliongeza uchungu, lakini moto wenyewe uliwaka mahali pengine, yaani katika nchi za Balkani, ambako Austria-Hungary na Urusi zilishindana kwa muda mrefu.

Tarehe 28 Juni, 1914, mrithi wa kiti cha Austria, Franz Ferdinand, aliuawa katika mji wa Sarajevo. Austria ikataka kuiadhibu Serbia, na Ujerumani ikaahidi kuiunga mkono kwa vyovyote itakavyokuwa. Urusi haikukubali Serbia ivunjwe, ikayakusanya majeshi yake. Tarehe 1 Agosti Ujerumani ilitangaza vita juu ya Urusi, na tarehe 3 juu ya Ufaransa. Nayo ilipoivamia Ubelgiji tarehe 4, Uingereza ikaingia. Toka Austria ilipotangaza vita juu ya Serbia tarehe 28 Julai, zilikuwa zimepita siku saba tu.

Sasa tulijibu swali la pili. Mkataba wa Berlin wa 1885 ulikuwa umeweka njia ya kuziepusha nchi za bonde la Kongo na vita vya Ulaya, na maeneo yaliyohesabiwa humo yalifika hata Bahari ya Hindi. Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni lake lisalimike. Lakini njia hiyo ilihitaji ridhaa ya pande zote, na ridhaa haikupatikana. Waingereza waliogopa kwamba bandari na minara ya simu ya upepo ya Wadachi ingezisaidia manowari za adui. Kwa upande wa pili, mkuu wa jeshi la Wadachi, Paul von Lettow-Vorbeck, aliona kwamba akipigana hapa angewazuia askari wengi wa adui wasipelekwe Ulaya. Kwa hiyo Afrika ilipiganiwa kwa faida ya vita vya mahali pengine.

Tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza Astraea iliupigia mizinga mnara wa simu wa Dar es Salaam. Tarehe 15 Wadachi waliitwaa Taveta. Katika Septemba walivuka mstari ule wa digrii ya kwanza, wakaingia Kisii, wakapigana na kurudi. Katika Januari, 1915, Waingereza walitua Shirati, na katika Julai, 1916, waliitwaa Mwanza. Hivyo nchi yote ya Mara ilibadili bwana, wala hakuna mzee wa Buhemba aliyeulizwa neno.

Gharama haikulipwa na waliotia sahihi mikataba. Vita hivi vilichukuliwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, na hesabu za serikali ya Kiingereza zenyewe zilikiri kwamba wapagazi wake zaidi ya 40,000 walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo katika Dar es Salaam ni ukumbusho wa kikosi chao.

Wadachi waliondoka, nchi ikaitwa Tanganyika, na katika mwaka wa 1922 Julius Nyerere akazaliwa Butiama, jirani na Buhemba, chini ya bendera ambayo baba zake hawakuichagua, kama vile hawakuichagua ile iliyotangulia. Ndipo tuonapo sababu iliyo ya karibu zaidi na watu wa Mara. Ulaya ilipigana kwa hofu na mashindano yake yenyewe. Lakini vita viliweza kufika Buhemba kwa kuwa wenyeji walikuwa wamekwisha kunyimwa haki ya kusema kwamba ugomvi ule haukuwa wao.