Mkono wa Mtoto na Safari ya Rangi

Vitu vingi ambavyo mzazi wa leo humnunulia mtoto wa miaka miwili au mitatu, ili achore na kufinyanga nyumbani, havikuzaliwa kwa ajili ya watoto. Vilizaliwa viwandani na maghalani, kwa kazi za watu wazima, kisha vikahamia katika viganja vidogo. Historia ya uhamiaji huo yafaa kujulikana, kwani ndani yake mna mizani ya kupimia kila kopo na kila pakiti iliyopangwa dukani.

Kabla ya viwanda palikuwa na wazo. Mnamo mwaka 1837, huko Ujerumani, Friedrich Froebel alianza kutengeneza vifaa alivyoviita zawadi. Zawadi ya kwanza, iliyokusudiwa watoto wadogo kabisa, ilikuwa mipira laini ya uzi wa sufu katika rangi sita. Miaka mitatu baadaye akaipa shule yake jina la bustani ya watoto. Froebel aliamini kwamba mtoto hufikiri kwa mikono kabla ya kufikiri kwa maneno. Kwa hiyo kitu anachopewa kukishika ni somo, wala si kitulizo cha kumnyamazisha.

Kalamu za nta zina asili nyingine. Edwin Binney na binamu yake C. Harold Smith, nchini Marekani, walikuwa wafanyabiashara wa rangi nyekundu ya kupakia mabanda ya mashambani na masizi meusi ya viwandani. Walitengeneza pia kalamu ya nta ya kutilia alama mapipa na makasha. Walipoanza kuuza bidhaa zao mashuleni waliona kuwa walimu hawana kalamu za rangi zilizo bora na za bei nafuu. Mwaka 1903 wakatoa pakiti ya kalamu nane kwa senti tano. Aliyeipa jina la Crayola ni Alice Binney, mke wa Edwin, aliyewahi kuwa mwalimu. Aliliunda kutokana na maneno ya Kifaransa ya chaki na mafuta.

Donge la rangi liitwalo Play-Doh nalo lilikuwa dawa ya kusafishia karatasi za ukutani, zilizochafuliwa na moshi wa makaa ya mawe. Nyumba za Marekani zilipoacha makaa na kutumia gesi, biashara hiyo ikadorora. Kay Zufall, mwalimu wa chekechea na shemeji wa mwenye kiwanda, akawapa wanafunzi wake donge lile wafinyange, akaona wanalifurahia. Mwaka 1956 likaanza kuuzwa kama kifaa cha watoto. Ama rangi ya vidole, ilienezwa na mwalimu Ruth Faison Shaw, aliyekuwa na shule mjini Roma, na ambaye kitabu chake juu ya rangi hiyo kilitoka mwaka 1934. Inasimuliwa kuwa wazo lilimjia alipomkuta mtoto akipaka dawa ya jeraha ukutani kwa mkono wake. Wengine wangeona uchafu. Yeye aliona mwanzo wa picha.

Hata hivyo, si kila kilichohama kilihama salama. Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Hekima hiyo yasimama juu ya sharti moja: wembe ukikata, damu huonekana, na mtoto hujifunza. Madini ya risasi hayatoi damu. Mwaka 1904 tabibu J. Lockhart Gibson wa Queensland, Australia, alieleza kwamba watoto waliougua sumu ya risasi waliipata katika rangi za kuta na vizuizi vya baraza za nyumba zao, wakiila kupitia vidole. Marekani ilingoja hadi mwaka 1978 kupiga marufuku rangi ya namna hiyo majumbani. Na mwaka 2000 chembe za asbesto ziligunduliwa katika baadhi ya kalamu za nta nchini humo. Viwanda vikakubali kubadili mchanganyiko. Kwa mtoto ambaye kila akishikacho hukipeleka kinywani, swali la kwanza si kama rangi inapendeza, bali kama inalika bila madhara.

Kuna na sumu isiyopimwa maabara. Kwa miaka mingi pakiti zile zilikuwa na kalamu ya rangi hafifu ya waridi iliyoitwa "ngozi", kana kwamba binadamu wote wana ngozi moja. Jina hilo liliondolewa mwaka 1962, na mwaka 2020 kampuni hiyo hiyo ikatoa kalamu 24 za rangi mbalimbali za ngozi. Mtoto wa Unguja, Lamu au Mombasa anayetaka kumchora bibi yake anastahili kupata kahawia zaidi ya moja.

Mwambao haukuwa mtupu katika habari hizi. Chuoni, watoto waliandika ubaoni kwa wino wa masizi, wakaosha, wakaandika tena. Uani palikuwa na mkaa, mchanga na dongo. Jikoni bado pana unga wa ngano, chumvi, maji na mafuta kidogo ya kukandia donge, na manjano ya kulitia rangi; ila mtoto achungwe asilile, kwani chumvi nyingi humdhuru.

Rhoda Kellogg, aliyekusanya mamia ya maelfu ya michoro ya watoto, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuwa mikwaruzo ya mwanzo ina maumbo yake, ishirini kwa hesabu yake, na kwamba humo ndimo zinamochipuka picha zote za baadaye. Basi mtoto wa miaka miwili hahitaji sanduku la rangi sitini. Kalamu tatu nene zisizovunjika vipande vya kumkaba, zishikikazo kwa ngumi nzima, karatasi pana hata ikiwa imetumika upande mmoja, na mtu mzima aliyeketi karibu bila kumuuliza anachora nini: hivyo vinamtosha kuanza.