Samaki wa chini katika tangi la matumbawe
Samaki wa chini ni wale wanaoishi mchangani au kwenye mawe ya tangi la maji ya bahari. Katika kuwachagua, jambo la kwanza ni chakula na makao, kwani wanaofanana umbo na mlo hugombana. Gobi wa jenasi Amblyeleotris, kama A. wheeleri anayepatikana pia Afrika Mashariki, huishi shimo moja na kamba wa jenasi Alpheus: kamba, ambaye haoni vizuri, huchimba huku akimgusa samaki kwa papasi zake, samaki hulinda mlango na kumtahadharisha kwa kutikisa mkia. Hii ni jozi inayofaa tangi dogo. Mawe yakae juu ya kioo cha chini cha tangi kabla ya kumwaga mchanga, la sivyo uchimbaji wa kamba huyaangusha. Gobi wa Valenciennea huchekecha mchanga mdomoni, hivyo huweza kuyafukia matumbawe ya chini. Samaki mwingine wa chini, Synchiropus splendidus wa Pasifiki ya magharibi, ni mpole, lakini hula zaidi vijidudu hai. Katika tangi changa, ambamo vijidudu hao ni wachache, hufa kwa njaa taratibu. Madume wawili wa aina hii wasiwekwe pamoja.