Kwa nini aliyezaliwa na kasoro ya moyo huchoka haraka, hata baada ya upasuaji?

Kukimbia kwa makundi Jumamosi asubuhi ni desturi ya muda mrefu mjini Bujumbura, katika nchi iliyomtoa Vénuste Niyongabo, mshindi wa medali ya dhahabu ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996. Hata hivyo, kwa mtoto aliyezaliwa na kasoro ya moyo, kupanda tu kutoka ufukoni mwa Ziwa Tanganyika kuelekea vilima vya mji kunaweza kumkatisha pumzi. Wengine humdhania mvivu, wengine humkataza kucheza kabisa. Mitazamo yote miwili inaweza kumdhuru.

Kasoro ni zipi?

Takriban mtoto mmoja kati ya 100 duniani huzaliwa na kasoro ya moyo. Iliyo ya kawaida zaidi ni tundu kwenye ukuta unaotenganisha vyumba vya moyo. Nyingine ni tetralojia ya Fallot, ambayo hupunguza damu inayofika mapafuni. Mtoto mwenye kasoro hiyo ambayo haijarekebishwa huweza kuonekana akichuchumaa katikati ya mchezo. Mkao huo husaidia kusukuma damu zaidi kuelekea mapafuni.

Neva zina kazi gani?

Mapigo ya moyo huongozwa na neva zinazofanya kazi pasipo hiari ya mtu. Tawi moja, la simpathetiki, huyaharakisha. Jingine, la parasimpathetiki, huyapunguza kupitia neva ya vagasi. Mtu anapoanza kukimbia, vagasi hulegeza breki kwanza, kisha simpathetiki huongeza kasi. Anapopumzika, vagasi hurudi kazini na mapigo hushuka.

Mpangilio huu unaweza kuvurugika kwa waliozaliwa na kasoro. Moyo uliolemewa kwa miaka mingi huchochewa mno na simpathetiki, hadi huanza kuitikia kwa unyonge. Upasuaji nao, ingawa huokoa maisha, unaweza kukata nyuzi ndogo za neva au kujeruhi sehemu inayoanzisha mapigo. Baadhi ya dawa za moyo pia hupunguza kasi yake.

Kwa makadirio ya kawaida, kijana wa miaka 20 anapojitahidi hadi mwisho wa nguvu zake hutarajiwa kufikisha mapigo 200 hivi kwa dakika. Akiishia 150, yaani asilimia 75, yuko chini ya asilimia 80 ambayo madaktari wengi huitumia kama mpaka. Moyo usioweza kuongeza damu katika kila pigo hutegemea wingi wa mapigo. Yasipopanda, misuli hukosa oksijeni ya kutosha.

Kupima na kufanya mazoezi

Miongoni mwa vituo vya upasuaji wa moyo katika kanda hii ni Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam na Taasisi ya Moyo ya Uganda jijini Kampala. Lakini mgonjwa anayesafiri kwa matibabu hurejea kuishi nyumbani, na ni huko anakohitaji kufuatiliwa.

Baadhi ya vipimo havihitaji mashine za gharama kubwa. Mgonjwa anaweza kutembea dakika sita katika ukumbi ulionyooka, umbali ukapimwa. Mapigo yanaweza kuhesabiwa mara tu baada ya zoezi zito na tena dakika moja baadaye. Kwa watu wazima, yakishuka kwa 12 au pungufu, ni ishara kwamba vagasi inachelewa kurudi kazini.

Mwaka 2013, Chama cha Moyo cha Marekani kilihimiza watu wenye kasoro hizi wafanye mazoezi. Mazoezi ya kiasi, yaliyopangwa na daktari kwa kadiri ya kasoro ya kila mmoja, huweza kuongeza uwezo wa mwili.

Hata hivyo, anayezimia, kuumwa kifua, kuhisi moyo ukienda mbio bila mpangilio au kugeuka rangi ya buluu midomoni wakati wa mazoezi anapaswa kuacha mara moja na kupelekwa hospitalini.