Historia ya Kuosha Dizeli Itokanayo na Mimea

Mwaka 1900, katika Maonyesho Makuu ya Paris, injini ndogo ya namna aliyoibuni Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, nayo ikaenda kwa utulivu hata watazamaji wengi wasitambue kwamba haikutiwa mafuta ya ardhini. Lakini mafuta ya mimea ni mazito, na uzito huo huacha masizi na utandu ndani ya injini, ndipo G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipopata, tarehe 31 Agosti 1937, hataza ya Ubelgiji ya kuyageuza kwa kileo yawe mepesi, na mwaka uliofuata basi la abiria likaenda baina ya Brussels na Louvain kwa mafuta ya mawese yaliyogeuzwa hivyo. Insafu yatutaka tukumbuke kwamba mawese yalikuwa mali ya Kongo, koloni ambamo wengi walishurutishwa kuyachuma.

Ujuzi huo uliwekwa kando zama za petroli nafuu, hata miaka ya 1990 raia wa kawaida huko Marekani wakaanza kukusanya mafuta yaliyokwisha kukaangiwa mikahawani, wakayachanganya na methanoli na kostiki soda, na kujipatia dizeli nyumbani. Hapo ndipo suala la kuosha lilipopata uzito wake. Mafuta yaliyokaangiwa yana asidi, na asidi ikikutana na soda huzaa sabuni. Kwa hiyo dizeli changa, hata baada ya glisarini kutuama na kuondolewa, hubaki na sabuni, soda na methanoli, ambazo zote huyakubali maji kuliko mafuta. Maji yakitiwa taratibu huteremka yakizichukua. Yakitikiswa kwa pupa, sabuni huyafungamanisha na mafuta yakawa kitu cheupe mfano wa tui, kisichojitenga upesi.

Kwa kuihofu balaa hiyo, waoshaji wa mwanzo walishika upole. Wengine walinyunyiza maji kwa matone madogo mno; wengine walifuata njia iliyotumiwa katika Chuo Kikuu cha Idaho, ya kupuliza hewa ndani ya maji yaliyotuama chini ya mafuta, kwa pampu ndogo ya tangi la samaki wa mapambo, ili kila kiputo kipande na utando wa maji, kipasuke juu, na maji yale yateremke yakiosha mara ya pili. Ni njia ya hekima, nami naistahi. Lakini nasadiki kwamba upole ule uliwadanganya wengi, kwa kuwa mafuta yasiyogeuka kikamilifu huoshwa taratibu pasipo kudhihirisha dosari yake, hadi yaingie katika injini. Ndipo mafundi hodari wakashika mtihani wa chupa: nusu dizeli, nusu maji, hutikiswa kwa nguvu zote, na vikitengana katika muda wa nusu saa hivi, mpaka ukawa bayana, mapishi yalikuwa sahihi; visipotengana, aghalabu dawa si kuosha tena bali kuyapika mafuta upya.

Baadaye ikaja njia ya kuosha pasipo maji, kwa chembe za utomvu wa kiwandani au unga wa silikati ya magnesi, nayo ikapendwa kwa kuwa humwondolea mtu mzigo wa maji machafu na kazi ya kuyakausha mafuta, ambayo kanuni za Marekani haziyaruhusu kuwa na maji na takataka kupita asilimia 0.05. Hata hivyo, chembe hizo hunasa sabuni na mabaki ya glisarini, wala haziyageuzi mafuta. Mafuta yaliyogeuka nusu hupita humo yakatoka nusu vile vile, na mwenye kuitumia njia hiyo hana budi kuyapima mapishi yake kabla ya kuanza.