Sehemu Inayokosekana

Mwaka 1979 kampuni ya Kenner ya Cincinnati, katika jimbo la Ohio, Marekani, ilitoa mwanasesere wa plastiki mwenye urefu wa inchi 18, yaani karibu sentimita 46. Alikuwa zimwi la filamu ya Alien, iliyoingia kwenye sinema za Marekani tarehe 25 Mei mwaka huohuo. Leo mwanasesere huyo, akiwa kamili, anauzwa kwa mamia ya dola. Anayetaka kumnunua humkagua kama fundi anavyokagua gari lililotumika, kuanzia kichwani hadi mkiani.

Ukaguzi unaanza juu. Kichwa chake kirefu kimefunikwa kwa kuba la plastiki inayopitisha mwanga, na chini ya kuba kuna fuvu linalong'aa gizani. Kuba ndilo kitu cha kwanza kupotea. Kisogoni kuna kifyatulio: ukikibonyeza, taya la ndani linachomoza mdomoni. Mkaguzi anakijaribu, kisha anahesabu meno. Anaangalia kama springi za mikono bado zina nguvu, kama vipande vinavyochomoza mgongoni vyote vipo, kama mkia haujakatika. Anauliza habari za boksi na bango lililokuwa ndani yake. Mwisho anauliza swali gumu kuliko yote: je, kuba hili ni lile la mwaka 1979, au ni la kuigiza? Kwa kuwa makuba mengi yamepotea, wapo wanaotengeneza mapya ya kuziba pengo.

Wakusanyaji wengi hutoa alama kwa mizani ya 1 hadi 10. Zipo pia kampuni zinazopokea mwanasesere kwa malipo, zikampima, kisha zikamfungia ndani ya kasha gumu lililobandikwa alama zake. Tangu hapo haguswi tena.

Sisi tunaosoma historia tunafundishwa kukagua waraka kwa namna inayokaribiana na hiyo: ni wa asili au wa kughushi, umekatwa wapi, nani aliutia mkono baadaye. Lakini baada ya hapo njia zetu na za soko zinaachana. Kwa soko, pengo ni hasara. Kwa mwanahistoria, pengo ndipo kazi inapoanza. Kwa hiyo inafaa kumrudia mwanasesere huyu na kuuliza upya kwa nini ni adimu, na ni kitu gani hasa kinachokosekana.

Uadimu wake ulitokana na biashara iliyokwenda mrama. Miaka miwili kabla, Kenner ilikuwa imepata haki ya kutengeneza wanasesere wa Star Wars, filamu nyingine ya Twentieth Century-Fox. Watoto waliwataka kwa wingi kuliko kampuni ilivyotarajia, hata Krismasi ya mwaka 1977 ikauza boksi lenye hati tu ya kuahidi kwamba wanasesere watafuata. Basi studio ilipokuja na hadithi nyingine ya anga za mbali, hesabu ilionekana rahisi. Lakini Alien ilikuwa hadithi ya kutisha. Ilipewa daraja la R, maana yake mtoto wa chini ya miaka 17 hakuruhusiwa kuiona bila mzazi au mlezi. Kenner ikawa inawauzia watoto kumbukumbu ya filamu wasiyoruhusiwa kwenda kuitazama peke yao. Wazazi walilalamika, na mwanasesere akaondolewa kwenye rafu za maduka. Wanasesere wadogo wa filamu hiyo, waliokuwa wameshaanza kuchongwa, hawakuuzwa. Ilipita miaka zaidi ya 30 kabla kampuni ya Super7 haijawatoa mwaka 2013, wakati watoto wa 1979 wameshakuwa watu wazima wenye mishahara.

Hapo mizani ya soko inaanza kuonekana ya ajabu. Mwanasesere mwenye alama za juu ni yule ambaye hakuchezewa. Mtoto aliyempata alikaa kando, au hakupewa kabisa. Yule aliyevunjika meno, aliyelegea mikono, aliyepoteza kuba, huyo ndiye aliyewahi kubebwa, kuangushwa, kufichwa chini ya shuka ili fuvu lake ling'ae. Kama tunataka kujua mchezo ulikuwaje katika nyumba za Marekani mwaka ule, shahidi wetu ni yule mwenye alama 3, wala si yule wa 9 aliyelala ndani ya kasha.

Lakini ipo sehemu ya asili inayokosekana hata kwa mwenye alama 10. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwanasesere huyu ni nakala ya vazi, na vazi lilikuwa nakala ya mwili wa mtu.

Mtu huyo alikuwa Bolaji Badejo, Mnigeria aliyezaliwa Lagos mwaka 1953. Mwaka 1978 alikuwa London, akisomea usanifu wa michoro. Mwongozaji Ridley Scott alikuwa akitafuta mtu mrefu mwembamba kiasi kwamba mtazamaji asingeamini kuna binadamu ndani ya vazi. Wakala wa kutafuta waigizaji akamwona Badejo kwenye baa moja ya mtaa wa Soho. Alikuwa na urefu wa takriban futi 6 na inchi 10, mara nne na nusu ya mwanasesere aliyekuja baadaye. Msanii wa Uswisi H. R. Giger alikuwa amelichora zimwi. Sasa vazi la mpira likatengenezwa kwa kufuata kalibu ya mwili wa Badejo. Akapelekwa kwenye mafunzo ya tai chi na maigizo bubu ili mwendo wake uwe wa taratibu na usio wa kibinadamu. Kwa sababu ya mkia hakuweza kukaa kwenye kiti, akatengenezewa bembea ya kupumzikia.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mwili wa kijana wa Kiafrika ndio ulioonekana kufaa kuwa wa kiumbe asiye wa dunia hii. Swali hilo ni halali, na jibu la kwamba ulitafutwa urefu tu halilimalizi. Lakini kuna jambo lililo karibu zaidi na ukaguzi wetu. Kazi aliyopewa Badejo ilikuwa kutoonekana. Kadiri alivyoifanya vizuri, ndivyo watu walivyomsahau. Jina lake limo kwenye orodha ya mwisho wa filamu, lakini sifa zilikwenda kwingine: mwaka 1980 Giger na wenzake wanne, akiwemo Carlo Rambaldi aliyetengeneza mitambo ya kichwa cha zimwi, walipata tuzo ya Oscar ya madoido ya picha. Badejo hakuigiza tena filamu nyingine. Alirudi Nigeria, akafungua jumba la sanaa.

Mwaka 1992 Kenner ililirudia zimwi lile kwa wanasesere wapya, wadogo na wenye rangi nyingi, na safari hii hawakuondolewa madukani. Tarehe 22 Desemba mwaka huohuo Badejo alifariki Lagos, akiwa na miaka 39. Kilichomuua ni selimundu, ugonjwa ambao familia nyingi za Afrika Mashariki nazo zinaujua kwa majina ya watoto wao.

Siwakatazi wakusanyaji mizani yao; bila wao kuba nyingi zaidi zingekuwa jalalani. Ningeomba tu fomu ya ukaguzi iongezwe mstari mmoja, juu ya ule wa kuba, wa meno na wa boksi: mwili wa asili, Bolaji Badejo, mwanafunzi, Lagos na London. Mbele ya mstari huo mkaguzi hatakuwa na alama ya kuweka. Atalazimika kuandika sentensi.